Kati ya Tunda na Mwisho

Jumatano ile watu ishirini na wawili walikuwa wamebanana kwenye sebule ya fundi wa mabango, wengine kwenye viti, wengine kwenye ndoo zilizogeuzwa, wawili kwenye kizingiti cha mlango. Mbele yao, kwenye ubao aliozoea kujaribia rangi, fundi alikuwa ameandika maneno mawili ya Kiebrania, moja juu ya jingine, kutoka kulia kwenda kushoto.

"Hili la juu husomwa *midbar*. Maana yake jangwa, nyika. La chini ni *davar*. Neno." Akapitisha brashi kavu chini ya herufi. "Dalet, bet, resh. Tazameni na hapa: dalet, bet, resh. Zilezile tatu! Tofauti ni hii mem iliyotangulia tu. Anayeingia jangwani anaingia penye neno. Ndiyo maana Musa hakuitwa mjini, aliitwa nyikani, nyuma ya kondoo. Na yule mwanamke wa siku za mwisho, joka lilipomkimbiza, alikwenda kujificha wapi?"

"Jangwani!" sebule ikaitikia.

"Jangwani. Penye neno."

Watu wakaguna kwa utamu, na kuguna kule ndiko kulikomlevya fundi. Wiki nzima alikuwa mtu wa kuitwa kutoka juu ya ngazi: wewe fundi, hiyo rangi inachuruzika, wewe fundi, hapo umepinda. Siku ya Jumatano aliitwa mwalimu. Kiebrania alijifundisha mwenyewe kutoka kwenye kitabu kisicho na jalada alichokiokota kwenye lundo la mitumba, na kwa miaka sita hakujifunza peke yake. Binti yake wa pekee alikaa naye meza moja, akizinakili herufi zile kama mchezo, mpaka sasa, akiwa mwaka wa mwisho wa sekondari, alizisoma haraka kuliko baba yake.

Mkewe akaingia na kikapu cha mapera kichwani, jasho linamtiririka. Aliuza matunda sokoni.

"Nipisheni jamani," alisema, akakitua katikati ya watu. "Hili joto litatufilisi. Juzi mapera haya yalikuwa ya kijani, magumu kama mawe, leo yanapasuka yenyewe. Na msimu wake bado mwezi mzima!"

Mjane aliyeshona sare za shule kwenye karakana ya mtaa wa pili akasimama. Alikuwa mwanafunzi mwaminifu kuliko wote. Alikuwa na daftari lake la herufi, lenye jalada la kitambaa alilolishona mwenyewe.

"Mwalimu," alisema. "Si ulitufundisha? Yule nabii mfugaji, aliyeulizwa anaona nini. Akasema naona kikapu..."

"Cha matunda ya kiangazi," fundi akamalizia.

Akafuta ubao. Akaandika neno moja, na chini yake jingine fupi zaidi.

"*Kayits*. Matunda ya kiangazi. *Kets*. Mwisho. Mungu alimwonyesha matunda, kisha akamwambia mwisho umefika, kwa maana maneno haya ni kama mapacha. Kati ya tunda na mwisho iko herufi moja tu, hii yod, ndogo kuliko zote. Na kwa Waebrania kila herufi ni tarakimu. Yod ni..." Akasita, kama mtu aliyetafuta ngazi kwa mguu asiipate. "Yod ni kumi."

"Siku kumi," mshonaji akanong'ona.

Fundi hakuwa amesema siku kumi. Baadaye angelishikilia sana jambo hilo, kwamba si yeye aliyetamka. Lakini aliwatazama watu wale ishirini na wawili, midomo imewaachama, na hakukanusha.

"Baba, samahani." Binti yake alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, kitabu cha mazoezi ya hesabu mkononi. "Yale maneno yanafanana masikioni. Nabii anachezea sauti, hapigi hesabu. Na ukisoma mbele kidogo, anawasema wafanyabiashara wanaopunguza vipimo na kuwanunua maskini kwa bei ya jozi ya viatu. Mwisho ule ni wa dhuluma yao. Siku kumi hazimo."

Kila alichokisema kilikuwa kweli, na fundi alikijua kuwa ni kweli kilipokuwa kikitoka kinywani mwa binti yake. Lakini nyuso zote zilikuwa zimemgeukia yeye, zinangoja.

"Mwanangu," alisema, akicheka kidogo, "hebu waletee wageni maji ya kunywa."

Binti akawaletea maji.

 

Kufikia Jumamosi mpango ulikuwa umeiva. Wangeondoka Jumanne, kwa lori, mpaka kwenye uwanda mkavu ulio nyuma ya machimbo ya zamani ya mawe, na hesabu ya siku kumi ingeanzia pale watakapokanyaga nyika. Mshonaji aliaga kazini. Msimamizi wake alimwambia mashine yake haitakaa bila mtu, naye akajibu kwamba mashine zote zitakaa bila watu.

Mke wa fundi alingoja mpaka mgeni wa mwisho alipotoka.

"Mtihani unaanza Jumatatu ijayo, si hii ya kesho kutwa," alisema. "Hiyo ni siku yako ya saba. Jumatatu mpaka Alhamisi, siku nne, masomo yote. Mtoto amesoma miaka yote hii, mume wangu."

"Najua."

"Basi nenda wewe. Mimi na yeye tutakungoja hapa. Dunia ikiisha, itatukuta tu, sisi siyo wagumu kupatikana."

"Watu watasema nini? Kwamba mwalimu amewatoa wao makwao, mwanawe mwenyewe kamwacha mjini afanye mtihani?"

Binti alikuwa akisikia. Nyumba ya vyumba viwili haina siri. Akaja akasimama mbele ya baba yake.

"Baba, nijibu swali moja. Unaamini kweli, au unaona haya kurudi nyuma?"

Angekuwa kijana wa watu wengine, fundi angejua la kusema. Huyu alimjua baba yake mno.

"Panga vitu vyako," akamwambia.

"Mimi sikufuati kwa imani," mkewe akasema, akivuta begi kutoka chini ya kitanda. "Nakufuata kwa sababu unanichukulia mtoto. Uliandike hilo kwenye ubao wako."

 

Uwanda ulikuwa mweupe, tambarare, na kimya chake kilianza kuwasumbua watu kabla hata ya kiu. Walitandaza maturubai kwa vigingi, wakapanga madumu ya maji kivulini. Siku za kwanza zilikuwa na furaha yake. Fundi alifundisha asubuhi na jioni, akichora ardhini kwa kijiti. Akawaeleza jinsi nyoka na shaba vinavyokaribiana kwa Kiebrania, *nahash* na *nehoshet*, ndiyo maana nyoka wa jangwani alitengenezwa kwa shaba. Akawaeleza kwamba mana ilipata jina lake kwa mshangao, kwa sababu watu waliamka wakaulizana, *man hu*, ni nini hii?

"Hata mimi nauliza," mkewe akasema, akiuinua mwiko uliojaa uji na mchanga. "Ni nini hii?"

Watu wakacheka, naye fundi akacheka. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka.

Siku ya tano watoto wawili walishikwa na homa, wazazi wao wakawabeba kwenda barabarani bila kuaga. Siku ya sita maji yalianza kupimwa kwa kikombe. Binti hakulalamika. Aliosha vyombo kwa mchanga, akawapepea wagonjwa, akakaa mbali na masomo ya baba yake.

Asubuhi ya siku ya saba fundi alitoka kwenye turubai kabla jua halijachomoza, akamkuta ameketi juu ya dumu tupu. Alikuwa amevaa sare ya shule. Sketi imenyooshwa kwa mikono, shati jeupe limepigwa vifungo mpaka shingoni, viatu vimefutwa vumbi. Mfuko wa kalamu ulikuwa mapajani. Hakuwa analia. Alikuwa ameketi tu, wima, uso umeelekea barabarani, kama wanavyoketi watahiniwa wakingoja karatasi zigawiwe.

Mama yake alikuwa amesimama kando, khanga imefungwa tayari kiunoni.

"Lori la mawe linapita saa kumi na mbili," alisema kwa sauti ya chini. "Nimelichunguza siku zote hizi. Kutoka hapa hadi barabarani ni dakika ishirini. Saa mbili kamili yuko darasani. Mpeleke. Nakuomba, baba, mpeleke mwenyewe. Akipelekwa na wewe, hakuna atakayemsema."

Nyuma yao maturubai yalianza kutikisika. Watu walikuwa wakiamka. Mshonaji alishatoka, daftari lake kifuani, akiwatazama.

"Zimebaki siku tatu tu," fundi akasema. Alisema kwa sauti ya kusikika, na hata yeye alijua maneno yale hayakuwa ya mkewe wala ya binti yake.

Binti akageuka akamtazama. Alirudisha uso barabarani, na baada ya muda kukasikika muungurumo, kisha vumbi likainuka mbali, likasafiri polepole kutoka kushoto kwenda kulia, likaisha. Akaendelea kukaa. Ilipokaribia saa sita alikwenda nyuma ya turubai, akabadili nguo, akaikunja ile sare kwa uangalifu kama kitu cha kuazima.

Siku ya nane, ya tisa, na ya kumi zilipita. Ijumaa jua likachomoza kama lilivyozoea. Walikuwa wamebaki kumi na wanne. Walikunja maturubai na kuelekea barabarani mmoja mmoja, kila mtu akitafuta njia ya kutotembea karibu na mwenzake.

 

Mkuu wa shule alikuwa mama mwenye sauti ndogo, na fundi angeona nafuu kama angepiga kelele. Fundi alimngoja nje ya ofisi kwa saa nzima, kwenye benchi, chini ya bango la shule ambalo aliliandika kwa mkono wake mwenyewe. Wanafunzi walipita wakimtazama, wakifika kwenye kona wakaangua kicheko. Mmoja akasema kwa sauti, "Kumbe na wao walirudi!"

"Karibu, mzazi," mkuu akasema. "Nimesikia."

"Mwalimu, nimekuja kuomba. Mtoto hana kosa. Kosa ni langu. Kama kuna karatasi ya akiba, hata akae peke yake, hata leo..."

"Mtihani wa taifa hauna karatasi ya akiba. Unajua hilo."

"Najua."

Mkuu akavuta faili, akamwonyesha orodha ya watahiniwa. Mbele ya jina la binti, safu nzima, somo baada ya somo, kulikuwa na alama ileile: hayupo, hayupo, hayupo. Fundi, ambaye maisha yake yote alizitazama herufi, alishindwa kuzitazama hizo.

"Jumatatu nilisimama getini mimi mwenyewe," mkuu akasema. "Nilimwambia msimamizi wa mtihani anisubiri. Huyu si mtoto wa kuchelewa. Tulikuwa tumemwekea matumaini, mzazi. Siyo ya kupita tu. Matumaini hasa." Akafunga faili. "Mwaka ujao anaweza kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwenye kituo kingine. Atasoma mwenyewe nyumbani. Ni vigumu, lakini yeye ataweza."

"Ahsante, mwalimu."

"Usinishukuru." Akarudisha faili rafuni. "Alikuwa anatufundisha zile herufi, unajua? Wakati wa mapumziko. Aliwaandikia wenzake majina yao. Alikuwa anakujivunia sana."

Fundi alitoka kwa mlango wa nyuma, wa kuelekea jikoni, ili asipite tena uwanjani.

 

Alidhani Jumatano hatakuja mtu. Walikuja tisa. Waliketi wakimtazama, na katika macho yao hakuona hasira. Aliona njaa ya kuambiwa kitu.

Mshonaji ndiye aliyesimama. Karakana ilikuwa imempa mtu mwingine mashine yake. Sasa alishona viraka barazani kwa mtu, kwa sindano ya mkono. Lakini daftari lilikuwa kifuani palepale.

"Mwalimu, nimelitafakari," alisema, na uso wake ukang'aa kidogo. "Wapelelezi walikaa siku arobaini, wana wa Israeli wakapewa miaka arobaini. Siku moja kwa mwaka mmoja. Si ndiyo? Basi siku kumi zetu ni miaka kumi. Hatukukosea. Tulihesabu kwa kipimo kidogo tu."

Wengine wakaguna. Kuguna kulekule. Fundi akakutambua, na kwa kitambo kidogo kukampa joto lilelile, kwa sababu mlango ulikuwa wazi kabisa na alichotakiwa kufanya ni kupita. Miaka kumi. Hakuna ambaye angemuuliza kitu kwa miaka kumi.

Hakuandika chochote ubaoni. Alichukua Maandiko, akafungua pale penye kikapu cha matunda, akasoma. Safari hii hakuishia pale. Alisoma mbele, kuhusu wale wanaopunguza kipimo na kupindisha mizani, wanaouza makapi na kuwanunua wahitaji. Akafika mwisho wa sura, akafunga kitabu.

"Maneno mawili yalifanana," alisema. "Basi. Ndivyo ilivyo. Nabii aliyatumia ili wakubwa wa siku zake washtuke, waache kuwadhulumu wanyonge. Mimi nikayachukua nikatengeneza kalenda. Niliambiwa hapa hapa, mbele yenu, na mtu anayejua kuliko mimi. Nikamtuma maji. Nimewakosea. Hakuna miaka kumi, dada yangu. Nisameheni."

Watu walianza kuinuka, mmoja akitafuta kandambili zake kwa mguu, mwingine akikohoa bila kikohozi. Mshonaji alibaki amesimama, mikono imelikumbatia daftari.

"Kwa hiyo mimi," aliuliza taratibu, kama mtu anayeulizia njia, "kazi yangu niliiachia nini?"

Fundi akautazama ubao ambao hakuuandika kitu.

Yule mama akalitua daftari lake juu ya meza, kwa heshima, akatoka. Hakurudi tena, na walipokutana njiani alimwamkia vizuri, "habari za leo, fundi," na neno hilo fundi lilimuuma kuliko tusi.

 

Mwaka ule binti alisomea sokoni, nyuma ya meza ya mama yake, kitabu kimesimamishwa kwenye rundo la matunda. Wateja wengine walileta utani. Bwana mmoja alichagua mapera huku akiuliza kama yatakaa mpaka Jumapili au dunia itaisha kabla. Mkewe fundi akamnyang'anya mfuko.

"Nenda kanunue kwengine," akamwambia. "Hapa tunauza matunda, hatuuzi watoto wetu wachekwe."

Nyumbani binti hakumnunia baba yake. Afadhali angemnunia. Alimwamkia asubuhi, akampakulia chakula, akamuuliza habari za kazi. Lakini ile meza ya herufi hakuikaribia tena. Siku moja fundi alikutana na neno gumu, akamwita kwa mazoea, "Hebu njoo unisomee hili." Binti akaja, akaliangalia.

"Nimesahau, baba," akasema, akarudi kwenye hesabu zake.

Hakuwa amesahau. Wote wawili walijua. Fundi alikaa na kile kitabu kisicho na jalada mbele yake mpaka mkewe akaja kupangusa meza.

"Ulimwomba msamaha?" mkewe akauliza.

"Niliwaomba wote. Siku ile ya darasa."

"Yeye hakuwepo darasani. Alikuwa sokoni na mimi."

Basi akaenda kumwomba. Alimkuta uani akianua nguo, akamwambia kwa maneno machache, kwa sababu marefu yalikataa kutoka: kwamba alimsikia Jumatano ile, kwamba asubuhi ile ya sare alilisikia pia lori, na kwamba miguu yake ilikuwa mizima na angeweza kumpeleka. Binti alimsikiliza, shuka limening'inia mikononi.

"Nimekusamehe, baba," alisema. "Zamani." Akakunja shuka. "Lakini usiniulize kama imeisha."

Siku ya mtihani, mwaka mmoja baadaye, fundi aliomba amsindikize. Kituo kilikuwa upande wa pili wa mji, na kwa kuwa alikuwa amekwishamaliza shule, binti alivaa nguo za kawaida, gauni la kijivu alilolipiga pasi mwenyewe. Walitembea bila kuongea sana. Alimbebea chupa ya maji. Walipokaribia, watahiniwa wengine walianza kuonekana, makundi kwa makundi, na baadhi wakageuka kuwatazama. Kwenye kona ya duka la vifaa vya ujenzi, hatua mia moja kabla ya geti, binti akasimama.

"Baba, niache hapa."

"Nikufikishe tu getini."

"Wapo wanaokujua." Alisema kwa upole, macho ameyashusha. "Leo nataka niingie kama mtu yeyote."

Fundi akampa chupa. Alitaka kumwambia kitu, lakini akaona kwamba kila alichokuwa nacho kingekuwa cha kumfariji yeye mwenyewe.

"Haya, mama," akasema. "Nenda."

Akamtazama akivuka barabara, akichanganyika na wenzake, mpaka asingeweza tena kujua gauni la kijivu ni lipi. Alisimama pale kwenye kona saa mbili nzima na zaidi, jua likipanda, mwenye duka akimtolea kigoda naye akikikataa. Ilipokaribia saa ya watoto kutoka, akashika njia ya kurudi nyumbani peke yake, akitembea haraka, ili binti akitoka asimkute.